Kabla Kimbunga Hakijafika Pwani ya Kusini: Kazi za Kaya na za Wanaojitolea

Mtwara, Lindi, Kilwa na Mafia hazipigwi na kimbunga kila mwaka, na tatizo linaanzia hapo hapo. Vimbunga vingi vya upande huu wa Bahari ya Hindi huishia baharini au Madagaska, na vile vinavyosogea karibu na ikweta hukosa nguvu ya kujisokota. Kwa hiyo fundi wa pwani huezeka akifikiria mvua, si upepo. Mvuvi huvuta chombo mpaka alama ya maji ya kawaida tu, na kaya hununua unga wa siku mbili kwa kuwa duka liko jirani.

Ukitazama tarehe, utaona jambo moja. Kimbunga kilichong'oa mikarafuu ya Unguja kilikuja Aprili 1872. Kilichopiga pwani ya Lindi na Mtwara kilikuja Aprili 1952. Kenneth kiliingia Cabo Delgado, Msumbiji, tarehe 25 Aprili 2019, wakati watu wa mabondeni Mtwara wamekwisha kuambiwa wahame. Jobo kilififia kabla ya kugusa Dar es Salaam, Aprili 2021. Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024, na wiki chache baadaye Ialy kikaleta upepo mkali hadi pwani ya Kenya. Msimu wa vimbunga upande huu wa bahari huhesabiwa kuanzia Novemba hadi mwisho wa Aprili, lakini kwetu hatari iko mkiani, kipindi cha tanga mbili, kaskazi ikiwa imekufa na kusi bado haijashika. Masika inakuwa imekwisha kulowesha ardhi: mti unang'oka kwa upepo ambao Januari ungeuhimili, na mito ya Rufiji, Matandu na Lukuledi haina tena nafasi ya kupokea maji.

Basi kazi nzito, yaani paa, miti na mitaro, iishe Februari. Machi ni ya kukagua na kuweka akiba. Aprili hadi katikati ya Mei ni ya kusikiliza redio.

Jambo la pili tulilojifunza kwa Hidaya ni barabara. Maji yalikata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na mikoa ya kusini ikabaki bila njia yake kuu ya bidhaa na mafuta. Miongozo mingi ya nje inasema weka akiba ya siku tatu. Kwa kusini siku tatu hazitoshi, weka saba.

Paa

Watu hudhani upepo unalibomoa paa kwa kulisukuma. Kwa kweli unalinyanyua. Hewa inayopita kasi juu ya bati hulivuta kwenda juu, na hewa inayoingia chini ya upenu na madirishani hulisukuma kutoka ndani. Kwa hiyo la kuuliza ni kama paa limefungwa chini, kiungo kwa kiungo: bati kwa papi (mbao zinazopigiliwa bati), papi kwa kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), kenchi kwa ukuta, ukuta kwa msingi. Kiungo dhaifu kuliko vyote ndicho kitakachoamua.

Anza hivi:

1. Ingia darini na tochi, utazame kenchi zinapokaa juu ya ukuta. Nyumba nyingi utakuta msumari mmoja, au hakuna kitu kabisa, kenchi imelala kwa uzito wake. Chukua waya wa kufungia nondo, sokota nyuzi nne ziwe kamba moja, zungusha juu ya kenchi na uipitishe chini ya lenta (mkanda wa zege juu ya ukuta). Kama ukuta ni wa tofali bila lenta ya juu, toboa kozi (safu za tofali) mbili au tatu chini ya kilele cha ukuta, kwa sababu ukifunga kwenye tofali la juu kabisa, upepo utaondoka na paa pamoja na tofali lake. Nyumba ya miti na udongo, funga kenchi kwenye nguzo zenyewe, si kwenye fito. Na nguzo za pembeni ziwe zimezama ardhini sentimita 60 au zaidi.

2. Papi ifungwe kwenye kenchi kwa misumari miwili ya inchi 4 iliyopigwa kimshazari, mmoja kila upande, halafu waya kwenye makutano yote ya pembezoni mwa paa. Nafasi kati ya papi na papi isizidi sentimita 90. Karibu na upenu na kwenye kilele, 60.

3. Bati lipigwe juu ya mgongo wake, si bondeni. Msumari wa kawaida huchomoka, hasa kwenye papi ya mti laini uliokauka. Tumia skrubu za bati zenye mpira, au msumari mrefu wa bati unaotokeza chini ya papi kisha ukunje ncha. Pembezoni piga kila mgongo. Katikati ya paa, kila mgongo wa pili. Pale kutu ilipozunguka tundu, msumari unabaki palepale na bati linapita juu ya kichwa chake. Ongeza washa pana au hamisha tundu.

4. Upenu usizidi sentimita 45. Paa la baraza lisiwe mwendelezo wa paa la nyumba: likinyanyuka, livunjike peke yake.

Kwa anayejenga upya, paa linaloteremka pande zote nne hustahimili kuliko lile lenye kuta mbili za pembetatu, na bati la geji 28 ni bora kuliko 30 au 32 (namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba). Lakini kama fedha inatosha kazi moja tu, fanya ya kwanza. Bati la geji 32 kwenye kenchi iliyofungwa litakuvusha. Bati la geji 28 kwenye kenchi iliyolala tu linaondoka zima, na mbao zake.

Makuti yana njia yake. Tandaza wavu chakavu wa kuvulia juu ya paa lote, ushushe pande mbili, kisha funga kwa kamba ya nailoni ya milimita 10 au 12 kwenye viroba vya mchanga vilivyofukiwa kina cha sentimita 60 au zaidi. Kigingi cha mti kwenye mchanga uliolowa hakishiki kitu.

Mawe na matairi juu ya bati yatolewe. Upepo wa kilomita 120 kwa saa unayarusha, na yatakapoangukia hapaangaliwi nyumba ya nani.

Kuna imani kwamba ufungue dirisha la upande usio na upepo ili hewa itoke. Usifanye hivyo. Upepo hugeuka kimbunga kinavyopita, na dirisha hilo ndilo litakalokuwa la upande wa upepo baada ya saa moja. Funga yote, kwa mbao zilizopigwa misumari kama madirisha hayana vifuniko vyake.

Minazi iangaliwe mapema. Angua nazi na makuti makavu kwa minazi yote iliyo karibu na nyumba kuliko urefu wake. Mnazi ulioinamia nyumba, au wenye shina lililoliwa na wadudu, ukatwe. Mwembe na mkorosho punguza matawi ili upepo upite katikati, lakini usikate upande mmoja tu, mti utaelemea ule mwingine.

Akiba ya siku saba

Hesabu hii ni ya watu sita, irekebishe kwa kaya yako. Maji ya kunywa na kupikia, lita 4 kwa mtu kwa siku: jumla lita 168, yaani madumu 9 ya lita 20. Ya kuoga na kufulia ni mbali. Sembe au mchele, gramu 400 kwa mtu kwa siku: kilo 17. Maharage au kunde, gramu 60: kilo mbili na nusu. Mafuta ya kupikia lita moja na kidogo. Chumvi robo kilo.

Choroko na dengu ni bora kuliko maharage kwa jambo hili, maana maharage hula mkaa na maji mengi mno. Ongeza vya kula bila kupika: tende, karanga, mihogo mikavu iliyochemshwa kabla, biskuti. Upepo ukiwa mkali hakuna atakayewasha moto saa kumi au kumi na mbili mfululizo. Na jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa chai ya mgonjwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu waliolala.

Mkaa au kuni zikae juu ya kichanja, zifunikwe turubai. Watu huweka chakula vizuri wakasahau kwamba kuni ziko nje.

Maji ya kisima baada ya mafuriko yote yachukuliwe kuwa machafu, hata yakionekana meupe. Yakiwa na tope, yaache yatuame, yachuje kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne, kisha yachemshe mpaka yatokote au yatie dawa. Kidonge cha klorini cha miligramu 67 kinatosha lita 20 za maji maangavu. Yakiwa na ukungu, tia viwili. Ukikosa, tumia jiki isiyo na manukato, ya asilimia 3.5: robo kijiko cha chai kwa lita 20 za maji maangavu, nusu kijiko kwa yenye ukungu. Koroga, funika, subiri dakika 30. Maji yawe na harufu ya klorini kwa mbali. Yasiponukia kabisa, rudia kipimo mara moja. Jiki iliyokaa dukani juani mwaka mzima imepoteza nguvu, nunua mpya Machi.

Dawa za kila siku zisisubiri tahadhari. Mwenye kisukari, shinikizo la damu, kifua kikuu au anayetumia ARV azungumze na kliniki yake mapema apewe akiba ya angalau wiki mbili zaidi. Weka pakiti za ORS, dawa ya kumrudishia maji mwilini anayeharisha, na vidonge vya zinki. Pakiti zikiisha: lita moja ya maji salama, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usikadirie chumvi kwa vidole, ikizidi inamdhuru mtoto.

Vitambulisho vya NIDA, kadi za bima, vyeti vya kuzaliwa, hati ya kiwanja na kadi za kliniki za watoto viingie kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kuzungusha. Vipige picha na mtumie ndugu aliye mkoa mwingine. Tenga fedha taslimu, noti ndogo ndogo: mnara wa simu ukianguka, wakala hana la kukusaidia, na muuza maji hatakuwa na chenji ya elfu kumi.

Vyombo vya baharini

Angalia mwezi kabla ya kuangalia mawingu. Kimbunga kikiangukia bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu au mwandamo, maji yanapanda juu ya kilele cha kawaida cha bamvua, si juu ya usawa wa siku nyingine. Kwenye maji mafu, bahari isipojaa sana, kuna nafuu kidogo. Ngalawa na mitumbwi ivutwe juu ya mstari wa takataka kavu ulioachwa na bamvua kubwa kuliko zote, tena ipite hapo mita kadhaa. Ondoa mashine, mlingoti, foromali na tanga, vipelekwe nyumbani. Mtumbwi mdogo upindue na uufunge kwa kamba mbili kwenye mti ulio hai.

Jahazi au boti kubwa isiyovutika iingizwe kwenye mkono wa bahari wenye mikoko, ifungwe kwa kamba nyingi pande zote na nanga mbili au tatu, kamba ziwe na ulegevu wa kupanda na maji. Kamba iliyokazwa kwenye maji kupwa huzamisha chombo maji yakijaa. Asibaki mtu ndani. Wapo wanaolala chomboni kulinda mashine, na hao ndio hutafutwa siku ya pili.

Tahadhari ikitoka

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa taarifa kwa rangi: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Sikiliza mambo matatu: jicho linatarajiwa kuingia wapi, saa ngapi, na mvua kiasi gani. Ujumbe wa sauti unaozunguka kwenye simu bila tarehe na bila jina la TMA, uache.

Mahali jicho linapoingia pana maana kwako. Upande wetu wa ikweta kimbunga huzunguka kama mshale wa saa. Kikija kutoka mashariki, walio kusini mwa jicho hupata upepo utokao baharini, na bahari husukumwa kupanda nchi kavu. Walio kaskazini mwa jicho hupata upepo utokao bara. Kwa hiyo kikitabiriwa kuingia Kilwa, mwenye nyumba ufukweni Lindi asijipe moyo kwamba kimempita. Mafia ni habari nyingine, ina bahari kila upande, na upepo wa magharibi huinua maji ya mlango wa bahari kuelekea Kilindoni. Kumbuka pia kwamba njia ya kimbunga hubadilika hadi saa za mwisho.

Saa 72 kabla: jaza madumu yote, chaji simu na betri, zibua mitaro, kagua waya za kenchi. Walio Jibondo, Songosongo na visiwa vingine vidogo waamue sasa kama watavuka, kwa sababu vyombo vya abiria husimama mapema kuliko upepo unavyoanza.

Saa 48: vyombo vyote viwe juu. Wazee, wajawazito walio karibu kujifungua na wagonjwa wahamishiwe kwa ndugu wa nyumba imara au kituo kilichotangazwa. Mjamzito wa wiki ya 36 na kuendelea apelekwe karibu na hospitali kabisa.

Saa 24: ondoa kila kinachoweza kuruka, kuanzia ndoo mpaka mabati ya akiba. Mifugo ifunguliwe kamba na iachwe sehemu ya juu, isifungiwe bondeni. Zima swichi kuu ya umeme upepo unapoanza kutingisha paa.

Ukiambiwa uhame, ondoka mchana. Ondoka na kopo la nyaraka, dawa, maji, chakula cha siku mbili, kanga au mablanketi, na chandarua. Godoro na televisheni viinuliwe juu ya meza na kuachwa.

Anayebaki nyumbani akae chumba cha ndani kilicho kidogo kuliko vyote, mbali na ukuta wa pembetatu ulio chini ya kilele cha paa. Ndio huanguka kwanza. Upepo ukinyamaza ghafla na mbingu ikafunguka, usitoke. Huenda ni jicho linapita. Utulivu huo unaweza kuwa wa dakika chache au karibu saa nzima, kisha upepo unarudi kutoka upande wa pili, ukipiga kile kilichokwisha kulegea.

Mvua ikiendelea, usivuke maji yanayokimbia. Kina cha sentimita 15 kinatosha kumwangusha mtu mzima, na huoni kama daraja bado lipo chini yake. Bonde la Rufiji lina jambo lake la ziada: mafuriko huleta mamba na viboko hadi mashambani.

Kujitolea

Anayejitokeza siku ya pili akiwa na mikono mitupu na njaa ni mtu mmoja zaidi wa kulishwa. Kujitolea huanza kabla. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inatambua kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa. Nenda kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, uliza kamati ni akina nani, jiandikishe. Au jiunge na tawi la Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania katika wilaya yako, upate mafunzo ya huduma ya kwanza. Kijiji ambacho kamati yake ipo kwenye karatasi tu, na vipo vingi, kinahitaji watu wanane hadi kumi watakaomsumbua mtendaji mpaka ikutane.

Kazi ya kwanza ya kikundi ni daftari. Pitieni nyumba kwa nyumba na wajumbe, mwandike: jina la mkuu wa kaya, idadi ya watu, watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee, wenye ulemavu, aina ya nyumba na paa, na mahali watakapokimbilia. Nakala mbili, moja kwa mtendaji, moja kwa kikundi. Daftari hili likitengenezwa baada ya kimbunga, kila kaya huongezeka watu watatu na ugomvi hauishi.

Vifaa vya kikundi cha watu kumi: mapanga 4, misumeno ya mkono 2, majembe na sepetu 6, matoroli 2, kamba ya mita 30, nyundo 3 na misumari, turubai 4, gumbuti na glovu ngumu kwa kila mtu, tochi za kichwani, sanduku la huduma ya kwanza, filimbi. Msumeno wa mashine ushikwe na anayeujua tu. Mti ulioanguka huwa umejikaza kama upinde. Ukikatwa upande usiofaa, unarudi kwa nguvu na kuvunja mguu.

Saa 24 za kwanza baada ya upepo ni za kutafuta watu na kufungua njia. Tembeeni wawili wawili, kila mtaa na watu wake. Waya wa umeme ulioanguka, kaeni mita 10 mbali na mzuie watoto, hata kama mtaa mzima hauna umeme. Misumari ya mabati imetapakaa kila mahali. Aliyechomwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni, apelekwe zahanati kwa chanjo ya pepopunda. Simu ikisumbua, tuma meseji badala ya kupiga. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, polisi 112.

Siku ya pili mpaka ya tatu ni tathmini. Tumieni daftari lile lile, muongeze safu nne: paa limeondoka lote, nusu au kidogo, ukuta umesimama au la, chakula kimebaki cha siku ngapi, maji wanachota wapi. Msiahidi chochote. Ukimwambia mama "mabati yatakuja", kesho atakuwa amesimama mlangoni kwa mtendaji akitaja jina lako.

Shule ikiwa kituo cha makazi ya muda, hesabu nafasi kabla ya kupanga watu. Mtu mmoja anahitaji mita za mraba 3.5. Darasa la mita 7 kwa 9 ni watu 18. Katika hali ya dharura huingia zaidi, ila kikohozi na ugomvi navyo huongezeka. Maji ni lita 15 kwa mtu kwa siku kwa matumizi yote, kwa hiyo watu 100 wanataka madumu 75 kila siku. Panga wabebaji mapema, kwa maana kazi hii ndiyo inayowachosha watu kuliko zote. Matundu ya choo ni moja kwa watu 20, ya wanawake yawe mengi kuliko ya wanaume, yawe na komeo kwa ndani na taa njiani, na yakae mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Familia zenye watoto wachanga zikae pamoja. Mtoto asiye na mzazi aandikwe siku hiyo hiyo na kukabidhiwa afisa ustawi wa jamii. Hakuna anayeruhusiwa kumchukua "kwa muda tu", awe mwenyeji au mgeni mwenye gari zuri.

Kugawa misaada ndiko kunakoharibika mara nyingi, na sababu karibu kila mara ni kwamba watu hawajui wenzao wamepata nini. Bandika orodha ofisi ya kijiji siku moja kabla: jina, idadi ya watu, kiasi. Gawa kwa idadi ya watu, si kwa kaya. Tumia kipimo kimoja kinachoonekana, ndoo ile ile, iliyosawazishwa kwa ubao. Wazee na wajawazito wawe na mstari wao. Aliyepokea aweke sahihi au dole gumba. Kikundi kinachogawa kisiwe ndicho kinachotunza ghala.

Kwa walio Dar es Salaam, Nairobi, Muscat au Ulaya wanaotaka kusaidia: tumeni fedha, kwa tawi la Msalaba Mwekundu au kamati inayotambulika na halmashauri, na muulize kwanza kinachokosekana. Lori la mitumba linakwama palepale barabara ilipokatika, na likifika linahitaji watu ishirini wa kuchambua nguo ambazo nusu yake hazifai pwani. Turubai, waya, misumari, vidonge vya klorini na vyandarua mara nyingi vinaweza kununuliwa mkoani, na mwenye duka wa Lindi naye amepata hasara.

Kuanzia siku ya tatu fikirieni kipindupindu. Vyoo vya shimo vilivyofurika vimemwaga kila kitu visimani. Changanya jiki ya asilimia 3.5 sehemu moja na maji sehemu sita: hiyo ni ya kumwagia matapishi, vinyesi na sakafu ya choo. Chukua sehemu moja ya mchanganyiko huo, ongeza maji sehemu tisa: hiyo ni ya kunawia mikono. Andikeni ndoo kwa rangi mbili tofauti, maana ya kwanza inaunguza ngozi. Anayeharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele aanze ORS papo hapo na abebwe kwenda kituo cha afya bila kusubiri asubuhi.

Visima visafishwe na kikundi chini ya fundi wa maji wa wilaya. Toeni kwanza maji ya mafuriko na tope la chini kadiri inavyowezekana. Pimeni kipenyo na kina cha maji: nusu ya kipenyo ikizidishwa kwa yenyewe, kisha kwa 3.14, kisha kwa kina, inatoa mita za ujazo. Kisima cha kipenyo cha mita 1 chenye maji ya mita 2 kina kama mita za ujazo 1.6. Unga wa klorini wa asilimia 65 hadi 70 utumike gramu 50 kwa kila mita ya ujazo, yaani gramu 80 hapa. Tieni unga ndani ya ndoo ya plastiki iliyojaa maji, kamwe si maji juu ya unga, mkiwa uwanjani na kitambaa puani. Mwagieni kwenye kuta za kisima na majini, korogeni kwa ndoo ya kuchotea, kisha kisima kifungwe na kilindwe kwa muda wa saa 12 asichote mtu. Baadaye choteni mmwage mpaka harufu kali iishe. Kisima kilicho karibu na choo kitachafuka tena ndani ya siku chache, hivyo waambieni wenye nyumba waendelee kutia dawa kwenye dumu mpaka mvua zikatike na bwana afya apime maji.